Beki wa Mbugangari aliyesababisha penalti akahukumiwa kupiga kasia

Wakuu, wanaonizidi umri humu ndani nawaamkia, ingawa sidhani kama mmebaki. Wengine wote marahaba mapema.

Nimeuona ule uzi wenu, mnabishana kama mchezaji anayesababisha penalti ya kizembe apigwe benchi au afukuzwe timu kabisa. Povu limewatoka kweli.

Mimi nina kisa. Ni cha kweli, nilikiona kwa macho yangu, na sitakitia chumvi. Chumvi daktari amenikataza hata kwenye maharage.

Mimi ni bibi wa watu, nimezaliwa upande wa Gisenyi, Rwanda, nikazeekea Kigoma. Mjukuu wangu ndiye anachapa, mimi naongea tu. Akikosea herufi, mtukaneni yeye.

Twende.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Wabelgiji bado wanatutawala. Tuliishi mtaa wa Nengo, Gisenyi mjini: mama, kaka yangu Faustini, na mimi, msichana ambaye tayari watu walikuwa wanamuulizia. Baba alikuwa ameshafariki. Mama alitushusha mjini kutoka Busasamana, huko juu kwenye volkano, na mambo mengi ya mjini alikuwa bado hayajui. Kumbukeni hilo.

Faustini alikuwa mpiga kasia kwenye mtumbwi mkubwa wa mzee mmoja aliyeitwa Gaspari. Walikuwa wanabeba viazi na maharage kupeleka masoko ya kando ya ziwa Kivu. (Hizo sambaza, dagaa wa kwetu mnaowasifia leo, zilikuwa hazijaletwa Kivu, msianze.)

Kwenye mtumbwi ule kila mtu ana nafasi yake kwenye ubao wa kukalia. Faustini aliisubiri nafasi ile mpaka mzee mmoja akachoka mwenyewe. Nyumba yetu nzima ilikula kupitia ule ubao. Ukiupoteza, unarudi mwisho wa foleni.

Sasa, Jumapili ilikuwa mpira. Nengo na mtaa wa Mbugangari, yaani watani wa jadi. Mbugangari walikuwa na jezi nzuri kuliko wote, kwa sababu mkuu wa timu yao, Mzee Sefu, alikuwa fundi cherehani, na nusu ya timu ni mafundi wake.

Faustini akachukua mpira, akampita mmoja, akaingia kwenye boksi. Beki wao, kijana mmoja mrefu anaitwa Ramazani, akaja kwa nguvu zote. Mpira hakuupata. Aliupata mguu.

Mlio wa mfupa niliusikia kutoka pembeni nilikokaa na wasichana wenzangu. Mpaka leo nikiukumbuka meno yananiuma.

Penalti ikapigwa, tukafunga. Hakuna aliyeshangilia. Kaka yangu alikuwa bado yuko chini.

Wakuu, Mzee Sefu alikuwa na sheria zake, na timu nzima ilizijua. Ukishika mpira kwa mkono ndani ya boksi, unafua jezi za wote. Ukimwangusha mtu akainuka, unakwenda kwao kuomba radhi mbele ya mama yake. Ukimwangusha asiweze kuinuka, unashika kazi yake mpaka ainuke.

Ile ya tatu ilikuwa haijawahi kumpata mtu.

Jioni ile Mzee Sefu akamleta Ramazani kwetu. Mganga wa mifupa alikuwa anamfunga Faustini vijiti mguuni. Gaspari naye alikuwepo, kashika kofia yake mkononi, maana alikuja kusema jambo gumu.

"Mahali ya Faustini mi nitaichunga," Gaspari akasema kwa Kiswahili cha kwetu Kivu, "lakini mutumbwi haiwezi kwenda na upande moja. Kama kesho asubui haiko mutu pale, nitaweka mwingine."

"Mutu iko," Mzee Sefu akajibu, akamsukuma Ramazani mbele. "Bon. Mupira iliisha, sasa kazi inaanza."

Ramazani alikuwa fundi wa kushona. Maji ya ziwa alikuwa anayaona akiwa anapita tu. Na Idd ya kuchinja ilikuwa inakaribia, kanzu za watu zimejaa dukani, kwa hiyo Mzee Sefu alikuwa anajiadhibu na yeye mwenyewe. Hakulegeza kamba.

Mama akaingia ndani. Akaleta kibuyu cha urwagwa, ile pombe yetu ya ndizi. Kwetu ukimpa mtu kinywaji unakionja kwanza wewe, aone hakina sumu, halafu yeye anakunywa, na neno limekwisha. Mama akaonja, akampa Ramazani.

Ramazani akatikisa kichwa. Akaangalia chini.

Yewe! Mama akakichukua kibuyu chake, akaingia ndani. Kwake yeye, mtu aliyemvunja mwanawe alikuwa amemkatalia amani mbele ya mashahidi.

Wageni walipoondoka akasema kwa Kinyarwanda, "Huyo asikanyage tena kwangu, wala kwenye ubao wa mwanangu asikae."

Faustini akiwa amelala pale akageukia ukutani. Nafasi yake ilikuwa inakwenda hivihivi, na mguu hauna nguvu ya kubishana.

Nilitoka mbio mpaka Mbugangari. Nikamkuta Mzee Sefu anafunga duka, nikamwambia yote, nalia kama mtoto.

Mzee wa watu akajipiga paji la uso. "Binti yangu, ule ni Muislamu! Pombe hatukunywaka! Na we Ramazani, mudomo yako ilikuwa wapi?"

Ramazani alikuwa kwenye kona, kashika sindano. "Niliona haya," akasema. "Mama ya ule nilivunja mutoto yake, nitaanza namna gani kumwambia kitu yake ni haramu?"

Hapo nilimhurumia, sikatai. Ningekuwa mimi ningesema nini?

Nikarudi, nikamweleza mama. Kule alikotoka hakuwahi kukaa na Waislamu, alijua tu kwamba wanavaa kanzu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka akachukua ndizi mbivu zilizokuwa zinangoja kutengenezwa pombe, akaanza kuzikamua.

Alfajiri Ramazani alikuwa pwani, na wapiga kasia wanamcheka. Mara wanamwona mama anashuka na kibuyu kichwani. Kicheko kikakatika.

Mama akasimama mbele yake, akaonja. "Hii ni mutobe," akamwambia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Maji ya ndizi tu. Haijakuwa pombe. Kunywa, mwana wanjye."

Mwana wanjye ni "mwanangu".

Ramazani akanywa chote. Alipokishusha kibuyu, macho yalikuwa yamejaa. Mama akajifanya anaangalia ziwa.

Basi ikawa hivyo. Kila alfajiri mama na mutobe yake, na ilibidi akamue upya kila mara, maana ukiiacha inachacha na kuwa pombe. Jioni Ramazani anarudi kutoka ziwani, anatupasulia kuni, anamsimulia Faustini habari za safari: nani aliimba vibaya, wapi upepo uliwageuza. Faustini anamfundisha akiwa kitandani, na mwiko wa ugali ndio kasia.

Viganja vya Ramazani vilichubuka hadi hakuweza kushika sindano. Mama akawa anavipaka siagi ya ng'ombe, polepole, kidole kimoja kimoja. Sikuwahi kumwona anampaka mtu mwingine hivyo zaidi yetu sisi wawili.

Wale mnaosubiri niseme niliolewa naye, tulieni. Niliolewa na mwingine, mbishi kupindukia. Ramazani alinishonea gauni la harusi, na lilinikaa vizuri kuliko ndoa yenyewe.

Tuendelee.

Siku ikafika Faustini akasimama. Anachechemea, lakini kasimama. Habari ikafika Mbugangari, na alfajiri iliyofuata tukashuka sote pwani: mama, Faustini na fimbo yake, mimi, na Mzee Sefu aliyekuja kumchukua fundi wake.

Ramazani alikuwa ameshakaa kwenye ubao.

"Mwenye mahali alirudia," Mzee Sefu akasema. "Azabu yako iliisha. Twende, kanzu zinakungoya."

Faustini akaingia mtumbwini, akakaa kando ya Ramazani. Sasa, anayejua kasia anajua kwamba huvuti kwa mikono peke yake. Unakaza miguu kwenye ubavu wa mtumbwi. Faustini alipoukaza ule mguu, uso ukamgeuka, jasho likamtoka. Gaspari aliona. Sote tuliona. Nilimwona Gaspari anafungua mdomo, na nikajua anachotaka kusema.

Ramazani hakushuka. Alisogea.

Alisogea kidogo tu kwenye ule ubao, mapaja yakagusana na ya kaka yangu. Akakaza miguu yake miwili mizima kwenye ubavu, akaweka mkono juu ya kasia, chini kidogo ya mkono wa Faustini.

"Mahali ya mutu moja," Gaspari akasema.

"Ndiyo, mzee," Ramazani akajibu. "Iko mutu moja."

Gaspari akatazama maji. Mzee Sefu akatazama maji. Halafu Mzee Sefu akavua koti lake, akamrushia Ramazani kwa sababu kulikuwa na baridi, akapanda zake kilima kwenda kushona kanzu peke yake.

Wakaondoka wakiwa wawili kwenye ubao mmoja. Walikwenda hivyo mpaka mguu wa Faustini ulipopona kabisa.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki. Ukimfungia mchezaji, anakaa nyumbani na hasira zake, na aliyeumizwa anabaki na maumivu yake, kila mtu kivyake. Mzee Sefu alimpeleka mkosaji akakae palepale alipomtoa mwenzake, aone palivyo. Mengine walifanya wenyewe.

Haya, uwanja ni wenu. Timu za mitaani kwenu zilikuwa na adhabu gani kwa mtu wa penalti? Semeni taratibu, mjukuu ananisomea moja moja.