Nilitafuna hesabu ya vipanga, shemeji yangu akaitwa mlevi

Admin, jina langu baki nalo hukohuko, na kijiji usikitaje, sema tu ni upande wa Ilula. Watu wa huku wananijua hata kwa kikohozi. Kamwene wote. Mimi ni babu wa miaka sabini na mbili, darasa la nne la zamani. Nimeuza nyanya barabarani, nimeuza kuku, nimeuza hata mbwa wa hapahapa nikasema wa kizungu. Nikipita watu wanaanza kucheka kabla sijafungua mdomo. Lakini hili sijamwambia mtu, hata mke wangu.

Miaka ya sabini, tukiwa ndo tumehamishiwa vijiji vya ujamaa, padri mmoja mzungu alitafuta watu wa kujitolea kuhesabu vipanga na tai. Alisema huko kwao baridi ikianza, ndege hao wanashuka kwetu kufuata kumbikumbi wa mvua za kwanza, anataka kujua wanapita wangapi. Malipo hamna, chai na mkate wa siagi tu. Mimi nikasikia siagi. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, yeye alienda kwa moyo. Alikuwa mwalimu wa kisomo, anafundisha watu wazima kusoma na kuandika. Pombe hagusi, maana baba yao ilimuua. Shati kafunga mpaka kooni. Tulikuwa hatupendani. Siku napeleka mahari alisema mbele ya watu, "Basi dada yangu anaolewa na redio." Sikumsamehe.

Mlima wetu tulipangwa mimi na yeye, mmoja huku, mmoja kule, kila mtu ahesabu peke yake bila kuulizana. Padri alitupa mahindi makavu tujaze mfuko wa kushoto. Wakipita ndege kumi, unahamisha punje moja kwenda mfuko wa kulia. Jioni mnahesabu punje. Sasa mimi yangu niliyakaanga kwanza nyumbani. Si najua nitashinda na njaa? Siku hiyo mbingu ilijaa, jamani, vipanga wanazunguka kama makapi kwenye upepo. Nahamisha, nahamisha. Ila mkono wangu una mazoea, ukiingia mfukoni ukitoka unaenda mdomoni. Nilitafuna mfuko wa kulia bila kujua. Nakwambia nilikula tai mimi, nilikula vipanga.

Jioni tumekusanyika misheni, watu wa milima yote. Shemeji akatoa punje hamsini na tatu. Mimi nikatoa kumi na moja. Padri akatuangalia. "Mbingu moja, mlima mmoja. Nani amekosea?"

Hapo nilishajua, meno yenyewe yalikuwa na maganda. Ningesema, wangecheka yakaisha. Lakini shemeji akasema, "Padri, huyu hajui kuhesabu, aje darasani kwangu akae na wazee." Watu wakaguna. Nikapandwa. Nikasema, "Padri, mwalimu kapitia ulanzi asubuhi. Mlevi kipanga mmoja anamwona watano. Damu ya baba yake hiyo."

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Padri akachukua kalamu akaikata hesabu ya shemeji. Akaandika yangu.

Kesho yake darasani mzee mmoja akanyoosha kidole. "Mwalimu, hivi hapa ni vidole vingapi?" Darasa zima likajibu, "Vitanooo!" Jina likamganda: Mwalimu Watano. Watoto wanamwita, wanawake kisimani wanamwita. Darasa likaisha watu, kisomo akapewa mwingine. Akaondoka kwenda Mbeya kwenye kazi za reli, akakaa huko mpaka uzeeni. Mimi nikabaki nachekesha watu kwa habari hiyo, kila harusi, kila ngoma.

Mwaka jana karudi, kajenga kwenye kiwanja cha baba yao. Hatusalimiani. Mwezi uliopita mjukuu wetu alipata kipaimara, mke wangu akamwita kaka yake aje kula. Anaandaliwa sahani, na mimi mdomo wangu huu, nikasema, "Shemeji, paja la kuku ni moja, usije ukaona watano." Watu wakacheka. Akainuka, sahani yote akanimwagia miguuni. "Kwa mwongo sili."

Mke wangu akamrukia. "Mwongo nani? Mume wangu? Wewe ulevi umeurithi kwa baba, na baba ulimzika mwenyewe ukijua kilichomuua!"

Shemeji akamgeukia. Akasema, "Dada, miaka yote hii hujawahi kuniuliza." Akachukua kofia yake akaondoka. Mke wangu usiku kucha analia kwa hasira, ananishika mkono, ananiomba msamaha mimi kwa niaba ya kaka yake.

Sasa ukoo wao wamekaa. Wameamua Jumapili shemeji alete jogoo, anipigie magoti mbele ya wote, mimi nimpokee kwa mikono miwili niseme yameisha. Akikataa wanamtenga, na akifa hazikwi pale kwa baba yake. Amejibu atakuja. Mzee wa miaka sabini na tano, magoti mabovu, aje kumpigia magoti aliyemharibia maisha.

Sidanganyi, simpendi. Hata leo akipita natema mate. Lakini nikipokea yule jogoo nitakuwa nani? Na nikisema ukweli, huyu mama aliyemtukana kaka yake na kumfukua baba yake kwa ajili yangu, atanitazama vipi? Ameshasema mara nyingi, yeye mwizi anaweza kuishi naye, mwongo hapana.

Jumapili ndo keshokutwa. Nishaurini, nifanye nini? Matusi msiandike marefu, nasoma polepole.