Kipimo cha Mpulizia Dawa

Yule anayepulizia mbatata dawa ya kuvu pale Musienene hachoshi macho yake kwa kusoma maandishi ya kopo. Kopo likisema kifuniko kimoja, yeye hutia vitatu, kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu, kisha hukoroga kwa mkono mtupu hadi kwenye kiwiko, maana Mungu huwalinda walio wake. Vidole vyake vimekuwa vya manjano. Sauti yake ni tamu. Hupulizia akiimba, na upepo humpelekea jirani baraka zote bila malipo.

Jirani huyo ni Solange, aliyemzika mumewe Onésime mwezi uliopita. Daktari wa Butembo alisema kuvu ya mapafuni mwa marehemu ilikwisha kuizoea dawa ya mashamba, na ile ya hospitali ni ndugu yake, kwa hiyo kuvu haikuiogopa. Solange alimweleza mpulizia hayo yote penye ua, huku binti yake Bénite akikohoa jikoni.

"Pole sana, mama," akajibu kwa huruma. "Docteur alipima kidogo. Ile kuvu hainaga heshima, inaomba baiongezee dawa."

Akapandisha pompi ya dawa mgongoni. Solange hakubishana na mtaalamu. Alibeba kiti na rozari, akaketi katikati ya mistari ya mbatata, akaanza kusali. Mtu wa dini angempuliziaje Bikira Maria? Mpulizia akavua kofia, akasimama na pompi yake iliyojaa, akaitikia, "Utuombee sisi wakosefu." Solange, ambaye hakuwa na haraka yoyote, akatangaza matendo ya uchungu ya rozari, yote matano.