Kitambaa Kisicho na Pacha

Baba yangu alikuwa mtu wa haki mpaka haki yenyewe ikachosha. Alikuwa na wake wawili, mama yangu akiwa mke mdogo, na nyumba zao kule kijijini Masaki zilitazamana, uwanja mmoja katikati. Akienda Kisarawe mjini kuuza korosho, alirudi na vifurushi viwili, akavifungua palepale uwanjani mbele ya macho yetu sote: doti hii na doti hii, khanga ileile, rangi ileile, hata chumvi kipimo kilekile. "Pimeni wenyewe," alisema, kisha akaenda zake kuoga. Siku moja paa la mama mkubwa lilivuja. Baba akapanda kubadilisha makuti, akashuka, akahamisha ngazi na kupanda la kwetu, ambalo halikuwa na tundu hata moja. Mama alimuuliza anatafuta nini huko juu. Akajibu kwamba anatafuta usingizi wake.

Kwa hiyo katika kaya yetu kila nguo ilikuwa na pacha wake. Zikianuliwa, maneno: hii ya nani, na hii ya nani? Mama mkubwa akatia uzi mweusi kwenye pindo za khanga zake, mama akatia mweupe kwenye zake. Lakini baada ya muda uzi hukuuhitaji. Mama mkubwa alikuwa mtu wa sanduku. Khanga zake zilifukizwa udi, zikalala, zikaamshwa Idi. Mama yangu alikuwa mtu wa shamba. Zake zilifunga kuni, zikanibeba mimi mgongoni, zikaanikwa juu ya majani jua la mchana, na kabla ya mwaka zilikuwa zimepauka. Mama mkubwa alisema mama hajui kutunza nguo. Mama alisema nguo za mama mkubwa hazimjui mwenyewe. Walisemana hivyo huku wanapepeta mchele kwenye ungo mmoja, nisikudanganye.

Nilipochumbiwa Dutumi, upande wa Kibaha, vita vya Hitla vilikuwa vimekwisha, ila maduka yalikuwa kama hayajapata habari. Nguo mpya ilikuwa ya kutafuta kwa tochi. Mama mkubwa akaapa kwamba siendi kwa watu na mkeka peke yake, nitakwenda na mfarishi: tandiko nene la vitambaa vilivyoungwa, ndani limejazwa sufi, unalilalia ukipenda, na baridi ikija unajifunika. Sufi tulikuwa nayo ya bure, msufi wetu ulisimama nyuma ya choo. Vitambaa vingetoka kwenye khanga kuukuu za mama zangu wawili.

Mimi nilikuwa nimewekwa ndani, mwali, jua silioni, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kukaa na kutazama. Walimwaga vipande mkekani chumbani kwa mama mkubwa, na mama mkubwa akaanza kupanga. Lazima niseme ukweli, yule mwanamke alikuwa na jicho. Alikataa vipande viwili vya mauamaua kukaa ubavu kwa ubavu. "Hawa wote wasemaji," alisema, akatia kati yao kipande cha marekani kisicho na ua wala doa. Kaniki, ile nguo nyeusi, aliizungusha pembeni kote, iwe mpaka wa shamba. Halafu akachukua kipande chake kilichokolea na pacha wake aliyepauka, kile cha mama, akavilaza pamoja. Mama aliona haya, akataka vyake visogezwe huko miguuni, kusikoonekana.

"Acha hapohapo," mama mkubwa alisema. "Ukiviondoa, hivi vyangu vitaning'aria macho bure."

Na kweli, ukikaa mbali kidogo ukautazama, mfarishi ulipendeza. Kilichobaki ni katikati. Mama mkubwa alijaribu manjano, akaitoa. Akajaribu damu ya mzee, akaitoa. "Hapa pamepoa," alisema. "Panataka nyekundu yenyewe." Lakini nyekundu haikuwepo. Visutu vyao, zile khanga nyekundu za harusi, vilikuwa vimekwisha kuliwa na mende. Akamgeukia mama. "Mdogo wangu, hebu kaangalie kwako. Tafuta mpaka chini ya sanduku."

Mama akasema hana. Alisema kwa sauti ndogo, na mama yangu hakuwa mtu wa sauti ndogo, ndipo nikajua anayo.

Alasiri, mama mkubwa alipokwenda kuchimba muhogo, mama aliingia na kitu ubavuni, akakaa karibu nami na kukifungua. Ilikuwa doti moja ya khanga nyekundu, bado ina ugumu wa dukani. Haikuwa na uzi mweupe wala mweusi. Nikamuuliza pacha wake yuko wapi. Akasema haina pacha.

Akanieleza. Kabla yangu alizaa mtoto wa kiume, akafa hajatambaa. Arobaini ilipopita, baba alirudi kutoka mjini na, kinyume cha desturi yake, hakufungua kitu uwanjani. Aliingia ndani kwa mama, akatoa doti hiyo chini ya kanzu, akamwekea mapajani, akaenda zake kuoga. Mama hakuivaa, maana angeivalia wapi? Lakini siku akijiona yeye ni wa pili tu katika nyumba ile, alifungua sanduku akaitazama. "Kila kitu hapa nimegawana," aliniambia. "Hiki ndicho changu peke yangu."

Nilimsihi airudishe sandukuni. Harusi ilikuwa karibu, na nilijua mama mkubwa akiiona atauliza pacha wake, baba ataonekana mwongo mbele ya wake zake, na mimi nitaondoka kwetu watu wamenuniana. Katikati pakipoa na papoe. Mama akatikisa kichwa. Hataki watu wa Dutumi waone mfarishi wa mwanawe umepoa. Tena siku akifa sanduku litafunguliwa tu, na atakayelifungua ni mwenzake. "Heri nusu shari kuliko shari kamili," alisema.

Mama mkubwa alirudi, akanawa miguu, akakaa mahali pake. Mama akaweka ile khanga katikati ya mkeka na kuinamisha uso. Nilitamani mkeka unimeze. Mama mkubwa aliivuta, akaipapasa pindo, akaikunjua yote.

"Hukuivaa hata mara moja," alisema.

Mama akainua kichwa. "Kwani unaijua?"

"Niikose vipi, na mimi ndiye niliyeichagua?"

Akasema kama mtu anayesimulia habari za sokoni. Mwezi ule baba alikuwa anakwenda kununua mbili, kama kawaida yake. Yeye akamwambia, usinunue mbili, mimi sikufiwa. Nunua moja, ya mwenzangu. Na kwa kuwa mwanamume yule angerudi na kaniki nyingine, akaenda naye mwenyewe kwa miguu mpaka Kisarawe, akamtoa jasho Mhindi mwenye duka mpaka akashusha nusu ya rafu. Alitaka nyekundu kwa sababu nyumba ya mama ilikuwa imejaa weusi na mama alikuwa amekataa kula. Kisha akamwambia baba aipeleke kimya na afunge mdomo wake.

"Kwa hiyo si yeye," mama alisema.

"Pesa ni zake. Jicho langu."

Mama alilia. Aliniambia baadaye kwamba kwanza aliumia, aliona kama ameibiwa kile kimoja alichokuwa nacho, na kwamba hakujua maumivu yale yaligeuka saa ngapi. "Miaka yote hii nikikuringia moyoni," alisema huku anapenga kamasi.

"Nilikuona ukiringa," mama mkubwa alisema. "Nikasema mwache aringe, si anakula sasa."

Hapo baba akapiga hodi mlangoni, akachungulia kutuuliza kama kuna uji. Akaiona nyekundu mkekani. Akamtazama mke mkubwa, akamtazama mke mdogo, akasema amesahau jembe shambani. Jembe lilikuwa begani mwake.

Mpaka leo sijui kama mama mkubwa alitaka nyekundu kwa ajili ya mfarishi au kwa ajili ya mama. Nilipata kumuuliza, akanijibu kwamba pale katikati palikuwa pamepoa, kwani sikuona?

Siku ile alimpa mama mkasi. "Kata wewe, ni yako." Mama akakata mraba mmoja mzuri, akauweka mahali pake, akatwaa sindano. Kijiti chake cha uzi mweupe kilikuwa palepale gotini. Akanyoosha mkono kwa mwenzake, akamwomba uzi wake mweusi.