Mikataba Kumi na Minne ya Ndugu

Nisikilize kidogo, hasa wewe uliyepewa begi la bima wiki hii, au ambaye mkeo, kaka yako au mwanao amepewa, na sasa unashangaa kwa nini kila jioni anarudi na vumbi tu. Utaambiwa hana mdomo. Utaambiwa mvivu. Mimi mdomo nilikuwa nao, na uvivu hakuna aliyewahi kunishitaki nao, lakini mwaka wangu wa kwanza karibu unitoe mjini. Nitakueleza taratibu ilivyokuwa.

Nilikuwa mapokezi kwenye nyumba ya wageni hapa Mtwara. Wageni waliokuja kwa kazi za gesi walipopungua, na sisi tukapunguzwa. Kaka yangu anayeishi Dar es Salaam akapiga simu. "Njoo ukae kwangu, utatusaidia na watoto." Alisema kwa upendo, lakini nilielewa maana yake. Ningeacha chumba changu cha Magomeni ya hapahapa Mtwara, ningeuza kitanda nilichonunua mwenyewe, na ningekuwa shangazi wa kudumu kwenye nyumba ya watu. Nikamjibu kwamba nimeshapata kazi ya uwakala wa bima.

"Ina mshahara?"

"Ina kamisheni."

Akacheka. "Haya. Chumba cha wageni kipo, hakijaenda popote."

Masharti ya ofisi yalikuwa mepesi kuyaelewa. Majaribio ni miezi sita, Aprili mpaka mwisho wa Septemba. Hakuna mshahara, ukiuza mkataba, unapata sehemu ya kile anacholipa mteja. Mwisho wa Septemba uwe na mikataba kumi iliyo hai, yaani ambayo wenyewe wanaendelea kuilipia. Isipofika kumi, unarudisha begi na kitambulisho. Kwangu mimi kurudisha begi kulikuwa ni kufunga mizigo kwenda kwa kaka.

Kwenye mafunzo tuliambiwa tuandike majina mia moja ya watu wanaotufahamu. "Anzeni na wanaowapenda," alisema mwalimu. Nikaandika majirani wa Magomeni, nikaandika watu wa Kitaya, kijiji cha kando ya mto Ruvuma ambako mama mdogo ndiye aliyenilea. Tuliuza bima ya moto kwa wenye maduka, lakini hasa bima ya mazishi, ile inayoipa familia fedha msiba unapotokea. Kwenye fomu kulikuwa na nafasi tatu za kuchagua: kulipa kila mwezi, kila miezi mitatu, au mara moja kwa mwaka. Tulifundishwa kuweka alama kwenye kila mwezi, kwa sababu kiasi kinaonekana kidogo na mteja haogopi.

Wiki tatu tu, nikawa na mikataba kumi na minne. Yote ya ndugu.

Nikikumbuka tulivyoiandika naona aibu kidogo, na kicheko kidogo pia. Mjomba wangu alisikiliza maelezo yote kwa makini, kisha akauliza, "Kwa hiyo nikifa, napata hela?"

"Hapana, mjomba. Wanapata wanao."

"Aa! Basi usiwaambie. Wale wana haraka."

Akasaini huku anacheka. Mama mdogo yeye hata hakungoja nimalize. Alikuwa anamenya muhogo. Akafuta mikono kwenye kanga, akasema, "Wewe ukisema kizuri, kizuri. Nipe hiyo karatasi." Hakuuliza swali hata moja, na mimi nikadhani huo ndio ushindi. Kamisheni ya kwanza ilipoingia nikamnunulia kitenge, nikajinunulia viatu, nikampigia kaka kumwambia chumba chake cha wageni akipangishe.

Sasa tulia hapa, maana hapa ndipo wengi wetu tunapoangukia. Watu wale hawakununua bima. Walininunua mimi. Walikuwa wananipa mkono wa heri, kama unavyomchangia mtoto wa ndugu anayeolewa. Mchango wa harusi unautoa mara moja, unakula pilau, umemaliza. Mimi niliwapa mchango unaorudi kila mwezi.

Mei walilipa tisa. Juni wakalipa sita. Julai simu zangu zikawa zinaita mpaka zinakata. Kwenye harusi moja hapo Magomeni binamu yangu aliniona naingia, akahamia upande wa pili na sahani yake mkononi. Mwenzake akasema kwa sauti ya kutosha mimi kusikia, "Jamani sogeeni, kifo kimekuja na begi." Watu wakacheka. Nilicheka nao, kisha nikaenda kukaa nyuma na wapishi.

Utaratibu wetu ni kwamba mkataba usipolipiwa miezi miwili mfululizo unakufa, na ukifa ndani ya mwaka wa kwanza, kamisheni uliyokwisha kula inakatwa kwenye kazi zako zinazofuata. Kwa hiyo Agosti sikuwa nimekosa kipato tu. Nilikuwa nafanya kazi ili nirudi kwenye sifuri. Wakati huohuo dada wa meza ya pembeni, aliyekuwa na miaka minane kazini, anakunywa chai na hela inaingia. Nilimwonea wivu mpaka siku aliponifungulia daftari lake. Karibu wote waliomlipa mwezi ule aliwaandikisha miaka mitano, sita iliyopita, nao wanalipa upya kila mwaka. Yeye alikuwa analipwa kwa nyayo alizotembea zamani. Mimi nyayo zangu zilikuwa bado mbichi.

Asubuhi nikaanza kukaanga maandazi mbele ya nyumba ili nipate kula. Mchana navaa viatu vile vya kamisheni, natembea.

Katikati ya Agosti nikaenda Kitaya. Mama mdogo alikuwa amekosa malipo ya Julai, na akikosa ya Agosti mkataba wake ungekufa. Mikorosho ilikuwa imechanua, na njia nzima inanukia ile harufu ya maua yake. Nilipofika uani nikapiga hodi. Nikapiga tena. Sauti ikatoka nyuma ya nyumba:

"Kama umekuja na begi, mimi sipo! Kama umekuja bila begi, ingia, muhogo umeiva."

Jirani yake, mama mmoja aliyekuwa anatwanga upande wa pili wa wigo, aliuachia mchi akacheka mpaka akashika kiuno. Kisha nikalitundika begi kwenye tawi la mkorosho, nikazunguka nyuma mikono mitupu.

"Shikamoo, mamdogo."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Umekonda."

Tukala kwanza. Hakuna aliyetaja bima. Mimi ndiye niliyeshindwa kuvumilia.

"Mamdogo, mbona hukuniambia imekushinda?"

"Ningekuambiaje, na wewe ulivyofurahi?" Akaweka kipande kingine cha muhogo kwenye sahani yangu. "Mwezi wa tano niliuza kuku. Wa sita nikauza kuku. Wa saba nikamwangalia jogoo, jogoo naye akaniangalia. Nikasema hapana, huyu ndiye anayeniamsha swala ya alfajiri."

Nilicheka, na machozi yakanitoka palepale.

"Sikiliza," akasema. "Bima yako siikatai. Babako mdogo alipofariki, sanda na kulisha watu vilimaliza korosho za msimu mzima. Sitaki yawapate hayo wanangu. Lakini mimi hela naiona mara moja kwa mwaka, korosho zikishalipwa. Wewe unanijia mara kumi na mbili. Mara kumi na moja unakuta sina. Hivi wewe umekulia nyumba gani?"

Nilikulia nyumba hiyohiyo. Sare zangu za shule zilinunuliwa Novemba. Bati la jikoni lilinunuliwa Novemba. Sherehe za unyago, mahari, deni la dukani, vyote vilingoja mnada wa korosho. Nilikuwa naijua kalenda hiyo kabla sijajua kusoma. Kisha nikapewa fomu yenye vijisanduku vitatu, nikaisahau kalenda yenyewe.

Nilimwomba radhi. Nilimwambia asiuze jogoo, mkataba huu tuuache ufe, tuandike mwingine wa kulipa mara moja kwa mwaka atakapopata hela za korosho. Akakubali. Wiki zilizofuata nilikwenda kwa kila ndugu aliyekuwa ananikimbia, bila begi, nikasema maneno hayohayo. Haikuwa kazi tamu. Mjomba alinipokea vizuri, akanipa nazi mbili, akasema, "Msamaha nimekupa. Hela usingoje. Mwaka huu nanunua baiskeli." Binamu wa sahani alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni, kisha akasema angalau sasa tutakula pamoja.

Kumi na mmoja katika wale kumi na wanne mikataba yao ilikufa. Ikabaki mitatu, ya walimu wawili na muuguzi mmoja, watu wenye mshahara. Septemba ndiyo hiyo inaisha, na korosho hulipwa baadaye. Kaka akaanza kuuliza nitasafiri lini.

Katika kuzunguka huko nilipita Mikindani, kwa mzee mmoja Mhindi mwenye duka la mabati na saruji, ambaye tangu Aprili alikuwa ananiambia njoo kesho. Aliponiona akasema, "Dada wa bima, miguu yako haina bima?" Safari hii sikutoa karatasi. Nilimuuliza mwezi gani duka lake linakuwa na nafasi ya kupumua. Akavua miwani.

"Wenzako wote wananiuliza nitasaini lini." Akahesabu miezi kwa vidole. "Novemba. Wakulima wakilipwa, mabati yanaisha. Njoo Novemba, tuzungumze bima ya moto."

Nikaenda kwa mkuu wa ofisi kuomba nipimwe mwisho wa Novemba. Alikuwa mtu mpole, aliyekulia nyanda za juu kwenye chai, ambako mkulima huchuma na kulipwa kila mwezi.

"Kila anayeshindwa huomba muda," akasema.

Nikamwekea karatasi mezani. Ilikuwa orodha yangu ileile ya mafunzo, ila mbele ya kila jina nilikuwa nimeandika mwezi. Wenye korosho, Novemba. Wenye mpunga wa bondeni Ruvuma, Juni. Wenye mshahara, kila mwezi. Kwa wavuvi wa Mnazi Bay niliandika "bado nauliza", kwa sababu kila mmoja alinipa jibu tofauti.

Aliisoma mpaka jina la mwisho. "Kwa hiyo Agosti wewe ulikuwa unadai watu hela za Novemba?"

"Ndiyo. Na ofisi nayo."

Sijui nilipata wapi ujasiri huo. Akanitazama, akaguna, akasema, "Mwisho wa Novemba. Lakini kamisheni ya mikataba iliyokufa itakatwa vilevile." Nikasema sawa. Nikarudi kwenye maandazi yangu.

Oktoba niliuza maandazi mengi kuliko bima. Sitakudanganya, kuna siku niliwaza kumpigia kaka nimwambie aandae kile chumba. Novemba ikaingia, minada ikaanza, malipo yakachelewa kidogo, kisha yakashuka kwenye akaunti za watu. Sikwenda kwa mtu siku hiyo. Tulikuwa tumekubaliana kila mmoja atanipigia mwenyewe akishalipa dawa za mikorosho na madeni yake. Nilikaa na simu mkononi siku tatu. Siku ya nne ikaita.

"Begi liko wapi?" Alikuwa mama mdogo.

"Lipo, mamdogo."

"Lete. Leo nipo."

Hawakurudi wote. Katika wale kumi na mmoja walirudi watano, kila mmoja akalipa mwaka mzima kwa mkupuo. Mjomba alinionyesha baiskeli. Mzee wa Mikindani alitimiza neno lake, baada ya kunikalisha saa mbili akihesabu mabati. Pamoja na wale watatu wenye mshahara, wakafika tisa. Siku moja kabla ya mwisho wa mwezi nilikuwa Kitaya tena, kumpelekea mama mdogo karatasi zake, nikasikia naitwa kutoka ng'ambo ya wigo. Ni yule jirani wa mchi.

"We dada, siku ile uliliacha begi lako pale mkoroshoni, ukaenda kula muhogo. Nikasema huyu mtu hajaja kunyang'anya. Hebu njoo nieleze na mimi. Ila nitauliza maswali, mimi si mama yako mdogo."

Aliuliza maswali mpaka jua likahama kizingiti. Shehe anasemaje? Nikafa safarini je? Karatasi ikiungua je? Mengine sikujua, nikamwambia sijui, nikapiga simu ofisini mbele yake. Huyo ndiye aliyekuwa mteja wangu wa kwanza asiye ndugu kati ya watu wa vijijini, na ndiye wa kumi.

Chumba cha Magomeni bado ni changu. Hela ya mwaka ule, baada ya makato, haikufikia niliyokuwa nalipwa mapokezi, na maandazi niliendelea kukaanga mpaka Novemba iliyofuata, watu walewale walipolipa tena bila mimi kuandika mkataba mpya. Ndipo nikaelewa daftari la yule dada wa meza ya pembeni. Kwa hiyo usimcheke aliyeanza, na kama ni wewe uliyeanza, usijicheke. Hujashindwa, hujafika mwezi wako tu.

Kesho asubuhi, kabla hujatoka, chukua orodha yako ya majina mia moja, na mbele ya kila jina andika mwezi ambao mtu huyo hupata hela. Ambaye hujui mwezi wake, nenda kamuulize, na begi uliache nyumbani.