Tiketi Iliyonipeleka Lisbon

Mpaka leo ukiniuliza kama mwaka ule nilipata likizo, sijui nikujibu nini.

Nilikuwa nafanya kazi za ndani Al Thumama, Doha, enzi hizo mji mpya wa Lusail bado ni vumbi na winchi za ujenzi. Desturi ya kazi zetu inajulikana: ukimaliza miaka miwili, mwajiri anakukatia tiketi, unakwenda kwenu, unarudi. Yangu ilikuwa imetimia. Tanga nilimwacha binti yangu kwa mama, hajui hata kufunga vifungo vya gauni lake, na nilishamwambia kwenye simu aanze kunitazamia.

Ndipo madamu, mwajiri wangu, akanifuata jikoni, uso umemchangamka. Familia inakwenda kupanda meli kubwa ya starehe, kuzunguka visiwa vya Atlantiki, na mimi nimo. Mama yake mzee, aliyekuwa wa kusukumwa kwenye kiti cha magurudumu, alikuwa amegoma kwenda bila mimi. "Utafurahi mno," aliniambia. Nikashukuru. Nilijua hiyo ni kazi, na likizo yangu iko palepale.

Dereva wa nyumba, Mkenya, alicheka njia nzima ya uwanja wa ndege. "Aki dada, wewe una bahati! Mimi ni Abu Hamour tu, kupeleka gari gereji na kurudi. Sasa wewe ni mtalii."

"Mtalii gani anasukuma kiti?"

"Wacha zako! Si utasukuma ukiona Ulaya?"

Meli tuliipandia Lisbon. Nililala chumba kimoja na mama mzee. Asubuhi ya kwanza nikaamka, nikatandika vitanda, nikasugua bafu kama kawaida yangu. Akaja mhudumu wa vyumba, Mfilipino wa makamo, akasimama mlangoni hana la kufanya. Akaniuliza kwa unyonge, "Madamu, kazi yangu ina kasoro gani?" Nikageuka nyuma kumtafuta huyo madamu. Kesho yake nikajilazimisha kuacha kitanda vilevile, nikashinda na aibu kama niliyetoka nje bila kanga. Mezani nako, mtu akinivutia kiti nilimpisha, nikidhani anataka kukaa yeye.

Kusali ulikuwa mtihani mwingine. Tanga tunaelekea kaskazini. Doha nilishazoea upande linakozama jua. Sasa mama mzee ananiambia tuelekee linakochomoza, na meli nayo inageuka tukiwa katikati ya rakaa. Nilikuwa natoa salamu sijui nimeelekea wapi.

Madeira ina maua mpaka juu mlimani, lakini mimi niliyoyaona vizuri ni mawe ya barabarani, maana magurudumu yalikwama kila mahali. Tenerife wenyewe walikwenda kuona volkano, tukabaki melini mimi na mama mzee, tunakula nanasi juani. Raha ilikuwapo, sitadanganya. Mama mzee alikuwa mtu wa utani. Alinivika kofia yake pana, akanishikisha glasi ya juisi ya bintiye, na waliporudi akaagiza nipigwe picha. Nikacheka mpaka jino la mwisho. Picha ile nikamtumia mdogo wangu Tanga, akanijibu, "Dada, umenona!"

Tuliporudi Doha, wiki haikuisha nikamuuliza madamu tiketi yangu ya kwenda nyumbani itatoka lini. Alinitazama kwa mshangao wa kweli. Si mwanamke mbaya yule, na hilo ndilo linalonichanganya.

"Lakini tiketi yako ndiyo iliyokupeleka Lisbon," alisema. "Si umepumzika? Umekula vizuri, umeota jua, umepiga picha unacheka. Ukimaliza miaka miwili mingine utakwenda, inshaallah."

Nilikuwa nimesukuma, nimeogesha, nimevisha, nimeamshwa usiku. Na kucheka nilicheka. Mambo hayo mawili nilishindwa kuyaweka pamoja yakatoa jibu. Hasira zilinipanda, ila sikujua nimkasirikie nani: yeye, mama mzee, au mimi na kofia yangu.

Nikapiga simu Tanga ili nimweleze mama kwamba siji. Ikapokewa na binti yangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimekuona melini. Kumbe likizo ulipata."

"Sikupata. Nilikuwa kazini."

"Mbona ulikuwa unacheka?"

Nilisikia jogoo wa jirani akiwika kule kwetu.

"Bahari ya huku huitaki?" akauliza.

"Naitaka, mwanangu. Naitaka sana."

"Basi mbona ulikwenda ya watu?"

Nikamwambia nitamweleza nikija. Hakuuliza lini. Alimpa bibi yake simu, akaenda kucheza.