Bwana Shamba na Majani ya Kunde

Jamani, leo nimemlisha Bwana Shamba utafiti wake.

Jana alileta salamu kuwa anakuja kutazama kunde zangu, kwenye eka tatu tulizogaiwa na serikali.
Zimeingia virusi. Majani yana madoa ya manjano, na mwaka huu sijavuna hata pishi.

Sasa mgeni aje, shamba liko vile?
Nikaamka alfajiri, nikachuma kila jani baya. Kutupa chakula siwezi. Nikayapika kwa nazi.

Kafika, kala, kasifu.
"Bibi, nionyeshe majani yenye ugonjwa. Nimekuja kuyachukua nikayapime."
"Unayatafuna."

Kaacha kutafuna.

"Yote?"
"Yamebaki kidogo chunguni. Nikupakulie?"

Kasema hayamdhuru mtu, ila yakishapikwa hayapimiki.
Ikabidi nimpeleke kwa jirani yangu Bi Mize, asiyegusa jembe tangu apande. Majani ya manjano tele!
Kajaza kikapu, kafurahi.
Na mbegu mpya za kujaribu, zisizoshika ugonjwa, kampa nani? Bi Mize.

Ningejua, bado ningempikia. Kijana mwembamba mno yule.

Haya, nyie mgeni akija hamfagii? Nijibuni, lakini mtu asimtetee Bi Mize hapa.