Fundi Anayebonyeza Pini

Fundi wa pikipiki wa pale mtaani Mudzipela haamini weusi wa pini. Pini za pistoni sasa zinakuja zimepakwa utando mweusi wa kaboni, mwembamba kuliko unywele, mgumu hata tupa inateleza, na wateja huzipokea kama komunyo. Yeye huweka gololi ya chuma juu ya pini, anavikaza pamoja polepole kwenye jiliwa, kisha anainama na lenzi mpaka pua inaingia grisi. Jana Osée, dereva wa teksi-moto, alileta pini mpya kutoka Aru ifungwe kwenye pikipiki yake. Alitaka kumpeleka mama yake Mahagi. Gololi iliacha kashimo, na utando ukapasuka miduara kwa miduara kama ganda la yai.

"Ngozi iko nguvu, nyama iko laini," fundi akasema. "Chuma ilibonyea, utando haujue kujikunja."

"Ni weye uliipasua, muzee."

"Ulitaka ipasukie ku mulima, mama iko nyuma?"

Osée akanyoosha kidole rafuni. "Na zile zako sita? Si zilitoka kwa muuzaji moja?"

Fundi akazishusha, akabonyeza moja moja. Ya sita ilipopasuka, akaanza kufungua injini ya pikipiki yake mwenyewe, alimofunga ya saba.